Vitabu vya Wageni

Sogeeni, wazazi wa Njisi na wa Kyela yote, na ninyi mlioletwa huku na barua ya uhamisho mkaonja wali wetu mkasahau kurudi kwenu. Ninachowasimulia leo si kitamu, na sitakitia sukari ili kiwashukie vizuri. Atakayejiona humu asinikasirikie mimi. Ajikasirikie mwenyewe, kisha aende nyumbani akafungue kabati lake.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mvua ilikuwa imekatika, migomba bado inadondosha maji, na harufu ya wali kutoka jikoni ilikwisha kuwasahaulisha watu mahubiri. Sebuleni kwa Philemon, bwana shamba, wageni walikaa wakibanana kwenye makochi, wakisubiri kunawa. Mkewe Teodora, muuguzi wa zahanati, alipita na birika na beseni, akimwinamia kila mmoja kwa heshima. Wote wawili walitoka Singida. Walifika huku vijana, wakaishangaa ardhi ambayo ukichomeka kijiti kinachipua, wakanunua kiwanja, wakajenga, wakazaa binti mmoja wakamwita Queen.

Mahali ambapo kwa watu wengine hukaa televisheni, kwa Philemon palikuwa na kabati la mninga lenye vioo. Ndani yake hakukuwa na glasi wala sahani za sikukuu. Kulikuwa na vitabu vya watoto, safu juu ya safu, katoni nzima aliyoipata bure siku maktaba ya mradi fulani ilipofungwa kule Matema. Kulikuwa na vitabu vya ndege, vya samaki wa ziwa, vya kutengeneza vinanda kwa makopo, hadithi za watoto waliovuka milima peke yao. Philemon alivipanga kwa urefu, virefu pembeni, vifupi katikati. Teodora alifuma vitambaa vyeupe vya kutandika kila rafu. Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye pindo la kitenge cha Teodora, umefungwa fundo.

"Ndaga fijo, bwana shamba," alishukuru kwa Kinyakyusa mzee Ambwene, mzee wa kanisa, akilitazama kabati. "Nyumba hii ina elimu."

"Elimu ni kuitunza, mzee," Philemon akajibu, na kifua kikamtoka mbele.

Sasa, asubuhi ile Teodora alikuwa amefuta vumbi, akasahau kurudisha kufuli. Queen, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, alikuwa ametoka kula maharage ya mawese kwa mkono, na mkono hakuunawa. Aliona mlango wa kioo umeachama kidogo. Akaingiza mkono, akatoa kitabu cha ndege, akakaa nacho chini katikati ya miguu ya wageni.

"Baba!" akapiga kelele ya furaha. "Huyu mwenye kichwa cheupe nimemwona Itungi ziwani! Alishika samaki!"

Alikuwa ameweka kidole juu ya bawa la yule ndege. Alipokiinua, bawa lilibaki na alama nyekundu ya mawese. Philemon akakinyakua kitabu, akakifuta kwa leso, na mafuta yakazidi kusambaa. Hapo ndipo alipochukua rula iliyokuwa juu ya kabati. Alimshika mtoto kifundo cha mkono, akamchapa vidole mbele ya wageni, rula ikishuka kwa kila neno.

"Vidole hivi! Hivi! Vinagusa nini?"

Wageni wakatazama beseni la kunawia. Mzee Ambwene peke yake ndiye aliyesema, "Basi, bwana shamba. Ni mtoto."

"Ndiyo maana namfunza angali mtoto," alisema Philemon. Kisha akamwinamia binti yake, akamwambia polepole ili asisahau. "Vitabu hivi ni vya wageni. Umesikia? Wewe vya kwako viko shuleni."

Teodora alisimama na birika mkononi. Moyo ulimuuma, naam, nitasema ukweli, ulimuuma sana. Lakini alikirudisha kitabu mahali pake, akafunga kufuli, akakaza fundo la kitenge. Wangapi hapa mmewahi kusimama hivyo na birika mkononi? Msinijibu. Nyoosheni miguu, tuendelee.

Jirani yao alikuwa bibi mmoja jina lake Anyosisye. Alikuwa Mkisi, wale wafinyanzi wa mwambao wa ziwa, mjane, aliyeolewa Njisi zamani. Kila asubuhi aliuza vitumbua vya mchele, na kila mara ndugu yake alipomletea vyungu kutoka Lyulilo, vile ambavyo havijapakwa rangi, alivisugua mwenyewe uani kwa udongo mwekundu uliokorogwa kwenye beseni la maji. Queen alilelewa uani pale zamu zote za mama yake. Alichovya vidole kwenye beseni lile jekundu, akajipaka mashavuni, na bibi akacheka badala ya kumchapa.

Vitumbua vilifungwa kwa magazeti. Bibi Anyosisye hakujua kusoma. Kwake gazeti lilikuwa jani la mgomba lenye madoa. Alinunua mabunda yale mjini dukani kwa Ahmada, na mengi yalikuwa ya udaku: nani kafumaniwa, nani kavuliwa nguo sokoni, nani kaachwa siku ya harusi. Queen alipomaliza kitumbua alikunjua karatasi, akainyoosha juu ya goti. Karatasi ilikuwa na mafuta tayari, kwa hiyo hakuna aliyemchapa kwa kuichafua. Akasoma moja, akatafuta nyingine. Kila kitumbua kilikuja na aibu ya mtu, na mara nyingi karatasi ilikuwa imechanwa katikati, hivyo mwisho alijitungia mwenyewe.

Siku moja Philemon alimsikia anasoma uani, kwa sauti, bila kukwama. Alitoka akasikiliza. Ilikuwa habari ya mke wa mtu aliyeruka dirishani gesti akiwa na shuka tu. Philemon akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Queen! Njoo usikie! Mtoto anasoma kama mtangazaji!"

"Anasoma nini hicho, baba Queen?"

"Kusoma ni kusoma," alisema Philemon.

Tangu hapo ikawa burudani ya nyumba. Wageni wakija, Queen alisimamishwa juu ya kigoda, mgongo umeelekea vile vioo, akawasomea aibu za watu. Wageni walishika mbavu. Alipewa soda. Teodora naye alicheka, na alipomwona mwanawe anang'aa vile baada ya ile siku ya rula, alijiambia kwamba donda limepona.

Ndugu zangu, donda halikuwa limepona. Mtoto alikuwa amejifunza mambo mawili, na kayajua sana. Kitabu kizuri kina fimbo nyuma yake. Aibu ya mwenzio ina soda.

Pale pale dukani kwa Ahmada kulikuwa na binti wa rika la Queen, Samira. Mama yake, Rukaya, alipokuwa anachanachana karatasi za kufungia sukari alikuta kitabu cha ndege kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Akakinusuru, akampa mtoto. Samira alikilalia, akala wali juu yake, akamchora masharubu kila ndege. Leo hii Samira ni mwalimu wa sayansi, na siku za mapumziko huwachukua wanafunzi wake mpaka matopeni Itungi kuwatazama ndege, na ukimkuta kashika kitabu, ni kitabu cha viumbe. Hana utajiri wa ajabu. Ila ukikaa naye, unaondoka umejua kitu na hujamchukia mtu. Duka lilikuwa lile lile na bunda la karatasi lile lile. Tofauti ni kwamba mmoja aliachiwa achafue.

Queen alikua. Kichwani alikuwa mwepesi na mdomo wake ulikuwa mtamu. Akianza kusimulia, hata wapishi wa shule waliacha mwiko. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alimwazima riwaya nzuri, ya nahodha aliyepotelea ziwani na mkewe aliyemtafuta. Baada ya siku chache Queen aliirudisha. Mwalimu akamuuliza ameionaje.

"Nzuri, mwalimu," alisema Queen. "Ila hakuna aliyeaibika humo ndani."

Mwalimu alimsimulia Teodora jambo hili kwa kicheko, zahanati, akisubiri dawa. Teodora hakucheka. Neno lile lilimwingia kama baridi. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, hata viatu hakuvua. Alifungua fundo la kitenge, akafungua kufuli, akakishika kitabu cha ndege ili amwekee binti yake kitandani, pamoja na vingine vyote, avichafue apendavyo.

Kitabu kilikuwa chepesi mno. Alipokifunua, ukamwagika udongo. Mchwa walikuwa wamepanda ndani ya ukuta, wakatoboa mgongo wa kabati, wakala kurasa zote na kuacha majalada yamesimama. Alitoa cha pili, cha tatu, kila kimoja kilikuwa ganda. Mle hamkuwa na hata kitabu kimoja cha kusomeka.

Philemon alipofika alimkuta mkewe kakaa sakafuni, udongo mapajani. Kisha akafanya jambo ambalo Teodora hakulisahau maisha yake yote. Alichukua ufagio, akafagia udongo, akapaka mlango wa mchwa sumu, akakata maboksi ya dawa za mifugo vipande vipande, akayajaza ndani ya majalada ili yasimame vizuri, akayapanga upya kwa urefu.

"Baba Queen, unafanya nini?"

"Wageni hawavifungui," alisema Philemon, akarudisha kufuli.

Na kweli, wageni hawakuvifungua. Waliendelea kuja, wakaendelea kusema nyumba hii ina elimu.

Baada ya kidato cha nne Queen hakutaka kuendelea. Alifungua saluni mjini Kyela, karibu na stendi. Mnajua saluni. Mtu akikaa chini ya mikono ya msusi saa nyingi, hata siri ya babu yake inatoka. Queen alisuka nywele na kuvuna maneno. Kisha akafungua ukurasa mtandaoni, akauita Chungulia. Mwanzoni aliandika yaliyokuwa kweli. Baadaye akaandika nusu kweli, nusu nyingine akatunga, kwa ufundi ule ule wa kumalizia karatasi iliyochanika. Watu walimfuata kwa maelfu. Binti mmoja wa benki aliikimbia Kyela kwa ajili yake. Mchumba wa mwalimu fulani alirudisha posa. Queen hakuwa na chuki na yeyote kati yao, na hilo ndilo linalonitisha mimi ninayesimulia. Mvuvi hamchukii samaki.

"Mwanangu, unaharibu watu," Teodora alimwambia, mara nyingi, kwa upole, na kwa ukali pia.

"Mama, kila mtu ana kitu anachopenda. Samira anatazama ndege. Mimi natazama watu."

"Soma vitabu, basi. Nitakununulia."

Queen akamtazama kwa macho makavu. "Vitabu mlivifungia, mama. Mimi nilisoma nilichopewa."

Philemon, aliyekuwa amestaafu, aliwaonyesha wageni simu yake. "Wanaomfuata huyu binti ni wengi kuliko waumini wa kanisa letu," alisema, na kifua kikatoka vile vile.

Ukaja msimu wa mafuriko. Mto Songwe ulifurika ukaingia mashambani, na mtoto mmoja wa kiume wa jirani, aliyekuwa kaenda kutazama mpunga wa baba yake, akachukuliwa na maji. Alitafutwa kwa mitumbwi mpaka akapatikana amenasa kwenye mizizi. Kijiji kizima kililia. Msiba ule haukuwa na mkosaji. Mto ulifanya kama mito ifanyavyo. Lakini msiba usio na mkosaji unauma vibaya, na vijana waliokaa matangani walianza kunong'ona, nani, nani.

Queen alifika msibani, akahani, akala. Asubuhi iliyofuata alipita kwa bibi Anyosisye kununua vitumbua, kama alivyofanya tangu utoto. Bibi alikuwa uani anasugua vyungu vipya vya Lyulilo. Beseni lilikuwa limejaa maji mekundu. Kitambaa cha kusugulia kilikuwa kipande cha fulana kuukuu ya mtoto.

"Gwe mwana, mugonile," bibi alimwamkia kwa lugha ya kwao, akacheka kwa meno machache aliyobaki nayo. "Chukua viwili, kimoja cha mama."

Queen akatoa simu, akapiga picha ya beseni na kile kitambaa. Bibi hakuonekana, ila mkono wake tu, mwekundu mpaka kiwiko. Chini ya picha aliandika: "Njisi, mtoto kazikwa jana. Leo bibi huyu jirani anafua nini?" Akaondoka na vitumbua vyake.

Simu ya Teodora ililia zahanati akiwa anapima watoto uzito. Nesi mwenzake alimsogezea picha, akisema, "Hebu ona mambo ya huko kwenu." Teodora alilitambua beseni kabla hajasoma neno. Alimweka mtoto mikononi mwa mama yake akakimbia, na sare yake, na viatu vya kazini, katika matope ya njia ile ya mashambani. Alikimbia mpaka mbavu zikamchoma. Njiani bodaboda zilimpita, mbili mbili, vijana wakiwa wamepakizana, wengine si wa Njisi kabisa. Na vijana hao wa siku hizi wa huku bara, mbali na ziwa, wangetofautisha vipi udongo wa vyungu na kitu kingine, wakati maji wanachotea ndoo za plastiki?

Alikuta moshi. Nyumba ilikuwa inaungua, vyungu vimepigwa mateke uani, na yale maji mekundu yamemwagika kila mahali, vijana wakiyaonyeshana vidole kama ushahidi. Bibi Anyosisye alikuwa chini. Sitawaeleza walichomfanya, kwa sababu wapo miongoni mwenu wanaojua vizuri kuliko mimi, walikuwepo, na Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani. Teodora alijilaza juu yake. Ndipo waliposimama, kwa kuiona ile sare nyeupe.

Bibi alipakiwa kwenye pikipiki ya mizigo mpaka zahanati. Teodora alimsafisha mwenyewe, akamfunga, akatundika dripu, akijua mikono yake inafanya kazi ya bure. Bibi alifumbua jicho moja.

"Mama Queen."

"Nipo, bibi."

"Watoto wale sijawahi kuwaona. Nani amewaambia?"

Teodora alimshika mkono. Rangi nyekundu ilikuwa bado kwenye kucha.

"Sijui, bibi," alisema.

Anyosisye aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na jibu, na kabla ya adhuhuri akafa. Lile neno "sijui" Teodora analo mpaka leo. Hulala nalo na huamka nalo.

Alipofika nyumbani alimkuta Queen kwenye kochi, miguu ameikunja, anamsomea baba yake kwenye simu yale watu waliyoandika chini ya picha. Alisoma kwa sauti ya kupendeza, akipumzika panapostahili, akikazia neno linalochekesha. Uso wake ulikuwa na mwanga. Philemon hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa mbele ya kabati lake, midomo imekauka.

"Bibi Anyosisye amefariki," alisema Teodora.

"Maskini," alisema Queen, na macho yake yakarudi kwenye simu, kutazama kama habari hiyo imeshafika huko.

"Ulijua ule ni udongo."

"Nilijua."

"Umeuchezea tangu mdogo. Alikupaka mashavuni. Ulijua, Queen!"

"Sikusema ni damu, mama. Niliuliza tu. Wao ndio waliojibu."

Teodora alimtazama mtoto aliyemzaa, akatafuta usoni mwake hata tone moja la hofu au huruma, akakosa. Queen alikuwa amesoma aibu za watu maisha yake yote, na katika karatasi zile hakuna mtu aliyewahi kutoka damu kweli. Hakuna ukurasa hata mmoja uliomwonyesha mtu kwa ndani.

"Futa," alisema Philemon, akiinuka. "Queen, futa hiyo picha sasa hivi. Mama Queen, funga mlango na pazia. Watu watakuja hapa, na jina langu..."

"Jina lako!" Teodora alipiga kelele, kwa mara ya kwanza katika ndoa ile. "Kuna mtu amekufa, Philemon!"

Akamnyang'anya binti yake simu. Queen alipigania ile simu kuliko alivyowahi kupigania kitu chochote, akamkwaruza mama yake shingoni. Teodora aliishikilia kifuani, akatoka nayo, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi, akaiweka mezani, akasema, "Aliyeandika ni mwanangu. Na ufunguo wa yote haya nilikuwa nao mimi." Polisi hawakuielewa sentensi ya pili, wakaandika ya kwanza.

Baadhi ya vijana walikamatwa, wengine wakavuka mpaka na hawajaonekana. Queen alihukumiwa kwenda jela. Mahakamani hakulia, alikuwa anageuka geuka kuona nani amekuja. Philemon hakuhudhuria. Siku hizi hapati wageni tena, na hukaa peke yake sebuleni na majalada yaliyojaa maboksi.

Teodora alipata ruhusa ya kumwona binti yake baada ya muda. Alipanda gari asubuhi, kabeba sabuni na kanga. Njia nzima alikuwa na jambo moja tu analoliomba kwa Mungu. Hakuomba mwanawe afunguliwe. Aliomba amkute ameanza kujuta, ili ajue kwamba ndani mle bado kuna mtu. Alikuwa tayari kumsamehe kabla hajafungua mdomo. Alijiandalia hata maneno ya kumweleza mahali bibi alipozikwa, na kwamba ndugu zake walikuja kutoka mwambao kwa mitumbwi wakaimba mpaka kulipokucha.

Queen alitolewa, amekonda, nywele zimekatwa. Alikaa upande wa pili wa meza, akasogea mbele haraka, na macho yake yakawaka.

"Mama," alinong'ona, "wanasemaje huko? Wameandika nini kuhusu mimi?"

Sabuni ilikuwa bado mkononi mwa Teodora.

"Hawasemi kitu, mwanangu," alisema. "Kuna mke wa diwani amefumaniwa. Wanasoma hiyo."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu yule bibi auawe, Queen aliangua kilio, akalia kwa uchungu mpaka askari akaja kumshika mabega.

FUNZO

Mtu akisikia hadithi hii husema, "Lo, simu hizi zinaharibu watoto." Nimewasikia. Simu mnazisingizia. Queen alikuwa ameshaharibika kabla simu haijafika Njisi, na aliyemharibu alivaa tai Jumapili.

Mtoto akiingia duniani na njaa ya kusoma, atasoma. Hilo huwezi kulizuia. Utakachomnyima mkononi kwa fimbo, atakitafuta kingine chini, kwenye karatasi ya vitumbua, ukutani chooni, popote. Na kile atakachokisoma akiwa mdogo ndicho kitakachomchagulia mchezo wake, marafiki zake na kicheko chake akiwa mkubwa. Udongo uwahi ungali maji. Mkimlisha aibu za watu na kumpigia makofi, msishangae akikua haoni ladha ya kitu kingine.

Na wewe mama, usiniambie hukumchapa wewe. Ulikuwa na ufunguo.

Kwa hiyo nasema hivi, na wenye makabati watanichukia: kitabu cha mtoto kisicho na alama ya mafuta hakijafanya kazi. Vitoeni. Waacheni wavipake mawese, wavichore, wavichane, walale navyo. Kaeni nao chini mkiwasomea, na wakisoma, ulizeni wanasoma nini kabla hamjacheka. Kwa maana bibi Anyosisye hakujua kusoma hata herufi moja, na ndiye aliyekufa kwa yale ambayo nyumba ya wasomi ilimsomesha mtoto wao.